Jina la Shemeji Kwenye Shukrani

Nondo ya kwanza ya chuma ilitua kwenye skrini ya Wakili. Ya pili ikatua kwenye bega la Wakili mwenyewe. Ilikuwa saa tatu asubuhi, maji ya chai hayajachemka, na mlango wa ofisi ulikuwa umelala sakafuni huku bawaba zake zikiwa bado zimeng'ang'ania vipande vya mbao. Wanaume watatu waliukanyaga wakaingia, kama watu wanaovuka daraja.

Kiraka alikuwa chini ya meza ya chumba cha nyuma, anachomeka waya. Walimvuta kwa mguu mmoja mpaka chumba cha mbele, kidevu kikigonga kila kiunzi cha sakafu, na alipofika akaona damu imeshatangulia mbele yake. Hakujua ni yake au ya Wakili.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili tu, juu ya duka la fotokopi. Cha mbele kilikuwa cha Wakili, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuwatazamia watu waongo. Cha nyuma kilikuwa cha Kiraka, mkandarasi wake wa kompyuta, na kilijaa mashine zilizopasuliwa matumbo. Wote wawili walikuwa watumishi wa kitu kimoja: programu huria. Yaani programu ambazo mtu akikupa, anakupa pamoja na maandishi yake ya ndani, uyasome, uyarekebishe, umpe na mwenzako. Sharti ni moja. Ukiigawa, nawe uigawe na maandishi yake, usije ukafunga mlango uliofunguliwa. Kazi ya Wakili ilikuwa kufukuzana na wanaofunga mlango. Kazi ya Kiraka ilikuwa kuziba panapovuja, na rekebisho dogo la namna hiyo huitwa kiraka, ndipo naye akapata jina lake.

Wawili kati ya wale watu walivunja kwa bidii, wakipokezana. Walizivunja kompyuta zote nne, feni, birika, hata saa ya ukutani ambayo haikuwa imemkosea mtu. Kiraka, akiwa amelala kifudifudi, goti la mmoja wao likiwa mgongoni, alijikuta anataka kucheka. Maana kazi haikuwa ndani ya zile mashine. Nakala zake zilikuwa kwenye mamia ya nyumba na maofisi duniani, na kuvunja kompyuta yake ilikuwa sawa na kumuua mtu kwa kuvunja kioo alichojitazamia. Vunjeni tu, alisema moyoni.

Wa tatu hakuvunja kitu. Alikuwa na shati lililopigwa pasi, ananukia sabuni nzuri, na Kiraka akampachika jina la Mtanashati pale pale. Alikaa kwenye kiti cha Wakili, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hebu mwinueni asome."

Kiraka akasoma, na kicheko kikamkauka. Ilikuwa kazi yake mwenyewe, imechapishwa kutoka kwenye daftari la wazi la mabadiliko huko mtandaoni, ya siku tatu zilizopita. Juu kulikuwa na maelezo ya kasoro ya pampu ya dripu na jinsi alivyoirekebisha. Chini kabisa, kwenye shukrani, kulikuwa na maneno "Kasoro hii iliripotiwa na," kisha majina matatu kamili ya shemeji yake, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Huyu tunaye," Mtanashati alisema, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza ilipo maliwato. "Leo alifika getini kwa zamu yake, akapanda gari letu badala ya kuingia. Sasa sikiliza. Saa kumi jioni, hapo hapo ulipoandika haya, uandike kwamba ulidanganya. Pampu yetu ni nzima, na huyu ni mwizi aliyekuletea takataka. Ikipita saa kumi sijaona, dada yako ni mjane."

Halafu wakaubana mkono wa kulia wa Kiraka juu ya meza, na mmoja akashusha nondo kwenye vidole. Jambo la ajabu, alikuja kusimulia Kiraka, ni kwamba sauti ilimfikia kabla ya maumivu. Alisikia kama mtu anavunja kuni mbichi, akageuka kutazama nani anavunja kuni ofisini, ndipo moto ukampanda hadi kwenye meno.

"Huo wa kushoto nakuachia," Mtanashati alimwambia akikunja karatasi yake. "Utauhitaji kuandikia."

Walitoka kwa kukanyaga mlango ule ule.

Ili uielewe ile karatasi inabidi urudi nyuma. Shemeji alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha pampu, zile zinazomsukumia mgonjwa dawa mshipani kidogo kidogo. Hakuwa mtaalamu wa lolote. Lakini alikuwa na macho, na aliona kwamba umeme ukikatika na kurudi, pampu husahau kwamba ilishatoa dawa, ikaanza upya. Mgonjwa anapata dozi mara mbili. Alimwambia msimamizi, akaambiwa apakie. Aliwaambia wakubwa, wakamwambia vivyo hivyo kwa sauti ya juu zaidi. Ndipo akaokota pampu moja mbovu kwenye pipa la chakavu, akaifunga kwenye koti, akampelekea shemeji yake.

Kiraka alipoifungua nusura aanguke kwenye stuli. Ndani yake kulikuwa na maandishi yake mwenyewe, ya programu huria aliyoiandika ujanani, kampuni imeichukua na kuifungia kama ya kwao. Aliyatambua kwa sababu ya maneno ya mzaha aliyoyaacha humo siku nyingi: "Usiguse hapa. Sijui kwa nini inafanya kazi." Na kampuni ilikuwa imegusa hapo hapo.

Wakili aliandika barua kali kuidai kampuni ifungue maandishi kama leseni inavyotaka, na iondoe pampu hospitalini. Katika kila nakala alimwita Shemeji "shahidi wetu," na palipoandikwa jina alipita na kalamu nyeusi mara mbili, kisha akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha kuhakikisha. Kiraka yeye alikaa chumba cha nyuma, akaandika rekebisho kwa dakika arobaini, na mkono wake wenyewe, bila kumuuliza, ukamalizia shukrani kwa jina kamili.

Ndiyo desturi ya watu hawa. Aliyegundua kasoro hutajwa. Kiraka alitajwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitano, kwa kurekebisha kalenda iliyokuwa inaruka tarehe, na aliikimbiza karatasi yenye jina lake kwa dada yake, aliyemlea, akamkuta anapiga pasi nguo za watu. Dada aliisoma mara tatu. "Ndiyo wewe huyu?" akauliza, akaibandika kabatini. Tangu siku hiyo, kwa Kiraka, kuliacha jina la mtu lilikuwa wizi. Hakuwahi kufikiri kwamba kuliweka kunaweza kuwa kitu kibaya zaidi.

Kituo cha polisi walifika wakiwa wawili wana mikono miwili inayofanya kazi. Askari wa zamu aliwatazama, akawapa benchi, akaanza kuandika. Alitaka kujua kampuni imeiba nini hasa. Wakili akamweleza. Askari akaweka kalamu chini. "Sasa mama, hiyo programu si mmesema ni ya bure? Kitu cha bure kinaibiwaje?"

"Afande, barabara ni ya bure," Wakili akasema, bega lake limevimba kama lina mto ndani. "Akija mtu akajenga geti lake katikati, ameiba au hajaiba?"

Askari alifikiri kwa muda mrefu, tena kwa uaminifu kabisa. Kisha akaandika: kompyuta nne zimevunjwa. Kuhusu Shemeji, alisema mtu mzima huhesabiwa amepotea akipita siku nzima, na huyu ana saa tatu tu. Wakili alibaki pale kugombana naye. Alimpa Kiraka kompyuta yake ndogo iliyokuwa imenusurika kwenye mkoba, akamwambia nenda kwa dada yako kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Dada alikuwa uani anakamua shuka la mteja. Kiraka alimwambia yote akiwa amesimama, kuanzia jina. Hakupunguza neno, na huo ulikuwa ujasiri wake wa pekee siku ile.

Dada hakulia. Aliliviringisha lile shuka likiwa na maji yake, akampiga nalo usoni. Akampiga tena. Kiraka aliuficha mkono uliovunjika nyuma, akaacha vingine vyote vipigwe. Mdomo ulipasuka. Alipoanguka Dada alimfuata chini kwa viganja, kichwani, masikioni, mgongoni, akipiga kimya kimya kama anayefanya kazi aliyoagizwa, mpaka pumzi ikamwishia akakaa kwenye maji ya sabuni kando yake.

"Futa," akasema.

"Haifutiki, Dada. Watu wameshachukua nakala kila mahali."

"Basi andika wanachotaka."

"Kuna watoto kwenye hizo pampu."

"Na mimi nina watoto kwenye nyumba hii."

Kiraka alifungua kompyuta juu ya meza ya pasi, akaandika kwa vidole vya kushoto, kimoja kimoja. Mistari mitatu. Nilidanganya. Pampu ni nzima. Aliyeniletea ni mwizi. Akabonyeza. Ilikuwa saa sita na nusu.

Taarifa haikutoka. Alikuwa amesahau kanuni aliyoitunga mwenyewe miaka sita nyuma: badiliko la mtunzaji mmoja wa programu haliingii mpaka mtunzaji mwingine alisome na kulikubali. Mtunzaji mwingine alikuwa mtu wa mbali ambaye Kiraka hajawahi kumwona, wala hajui umri wake. Alimwita Bibi Koma, kwa sababu aliwahi kumrudishia kazi ya wiki nzima kwa kukosa koma moja.

Jibu la Bibi Koma lilikuja haraka. Hii si kweli, aliandika. Jana nimeijaribu pampu yenyewe kwenye hospitali ya hapa kwetu. Kuna nini?

Kiraka akamwandikia faraghani. Wamemchukua shemeji yangu. Nina mpaka saa kumi. Kubali, nakuomba.

Dada aliwasha pasi, akaizima, akaiwasha. Saa saba ikapita na robo yake. Kisha likaja jibu refu, na Kiraka akaisogeza kompyuta ili Dada naye asome.

"Nikikubali, watakuwa hawana tena sababu ya kumwacha hai. Mtu akishaitwa mwizi hadharani, nani atamtafuta? Wanampiga kwa sababu wanadhani ni yeye peke yake anayejua. Si yeye peke yake. Kuna wengine waliojaribu pampu tangu uandike, wanaogopa kusema. Niruhusu niwaambie kwa nini waseme leo. Lakini ni ndugu yenu, si wangu. Nasubiri neno lenu."

"Huyu bibi ni nani yako?" Dada akauliza.

"Simjui. Hatujawahi kuonana."

Dada aliisoma tena, midomo ikicheza, kama alivyosoma ile karatasi ya kalenda zamani. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu. "Mwambie awaambie," akasema hatimaye. "Lakini akifa, usije kunizikia mume wangu. Usikanyage hapa tena."

Saa nane likaja andiko la kwanza kwenye lile daftari la wazi. Fundi wa hospitali fulani alipiga picha ya pampu ikitoa dozi ya pili, akaandika chini jina lake na la baba yake. Saa nane na dakika kumi, la pili na la tatu. La nne liliandikwa na nesi, halikuwa na picha, lilisema tu kwamba mwezi uliopita kitoto cha siku tisa kilikufa wodini kwao umeme uliporudi, na kwamba sasa wanajua kwa nini. Kiraka alilisoma mara moja akaenda uani kunawa uso. Aliporudi yalikuwa saba. Wakili, kule kwenye benchi la polisi, alikuwa anayachukua kila yanapotokea na kuyatuma kwa simu kwa kila mganga mkuu aliyemfahamu na asiyemfahamu. Ilipofika saa kumi kasoro dakika tano walikuwa watu kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake kamili.

Simu ya Kiraka ililia saa kumi kamili. Dada aliiweka kwenye spika.

"Sijaona kitu," Mtanashati alisema.

"Soma kuanzia juu," Kiraka akamwambia.

Walimsikia anavuta pumzi kwa pua akisoma. Walisikia kiti. Kisha simu ikawekwa mahali bila kukatwa, na zikaanza sauti nyingine, kama mtu anakung'uta godoro kwa fimbo, moja, moja, bila haraka. Baada ya ya tano ikaja sauti ya mwanamume ambayo haikuwa na neno ndani yake. Mtoto mkubwa wa Dada alitokeza mlangoni na Dada akamwonyesha kidole arudi ndani. Aliichukua simu mezani, akaisogeza mdomoni, akasema kwa sauti ya chini, ya kuuliza kweli:

"Wewe. Anachokijua kinajulikana kila mahali. Sasa unampigia nini?"

Godoro likanyamaza. Kisha simu ikakatwa upande ule.

Walimkuta Shemeji saa kumi na mbili kasoro, kwenye mtaro nyuma ya ukuta wa kiwanda. Aliyemwona ni dereva wa lori la taka, ambaye kwanza alidhani ni magunia. Taya lilikuwa limevunjika mara mbili, mbavu nne zimeingia ndani, kucha tatu hazipo, na damu ya sikio la kushoto imeganda mpaka shingoni. Lakini alikuwa anapumua, tena kwa fujo, kama anayegombana na hewa. Dada alimlaza kichwa mapajani ndani ya lori lile lile, akawa anamwambia maneno ambayo Kiraka, aliyekaa nyuma na taka, hakuweza kuyasikia na hakustahili kuyasikia.

Mengine yalikwenda yenyewe. Hospitali zilizima pampu, moja baada ya nyingine. Askari aliyedhani kitu cha bure hakiibiki alimfunga pingu Mtanashati kwa mikono yake, na inasemekana alimpiga kofi moja ambalo hakuliandika. Wakili alipeleka kesi mahakamani bega likiwa ndani ya kitambaa, akaamuru kwa mdomo Kiraka asikaribie kitu chochote chenye vitufe mpaka atakapomwambia.

Wiki ya pili Shemeji alianza kufumbua macho vizuri. Taya lilikuwa limefungwa kwa nyaya, hawezi kusema, anakula kwa mrija. Dada alimruhusu Kiraka aingie wodini, dakika chache, akasimama mlangoni mwenyewe na mikono kifuani.

Kiraka alikuja na mengi ya kumwambia. Alimweleza juu ya wale kumi na mmoja. Alimweleza kwamba watu wa nchi asizozijua wanauliza hali yake kila siku, na kwamba jina lake limekuwa la heshima huko. Shemeji alimsikiliza akiwa amegeuza upande wenye sikio zima, maana la kushoto halikusikia tena. Kisha akaonyesha daftari na penseli juu ya kijimeza. Aliandika polepole, vidole vimefungwa bandeji, akamgeuzia.

Uliliandika kwa ruhusa ya nani?

Kiraka alifungua mdomo. Miaka kumi na minane alikuwa amefanya kazi na mambo ya ruhusa, nani anaweza kuchukua nini, kwa sharti lipi, na angeweza kukueleza leseni kumi bila kutazama popote. Alianza kueleza kuhusu desturi, kwamba ni shukrani, kwamba kwao mtu hutajwa. Shemeji akagonga daftari kwa kifundo cha kidole, mara mbili. Alitaka kwa maandishi.

Kiraka akachukua penseli kwa mkono wa kushoto. Herufi zilimtoka kubwa na zilizopinda, za mtoto wa darasa la kwanza, na neno lenyewe lilikuwa moja.

Sikukuuliza.

Shemeji alilitazama. Hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alichana ule ukurasa kwa uangalifu, akaukunja, akauweka chini ya mto, kisha akajigeuza ukutani kidogo kidogo, mbavu zikimtesa, akalalia lile sikio linalosikia.